Kinachokata mapanga ya upepo ni jua

Mhariri,

Panga la mtambo mdogo wa umeme wa upepo lililochongwa kwenye bomba la PVC likikatika, lawama zote hubebeshwa dhoruba ya ziwani. Mara nyingi dhoruba imemalizia tu kazi ya jua. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na juu ya mlingoti hakuna kivuli.

Miale ya urujuanimno hung'oa klorini kwenye PVC. Panga linageuka manjano, kisha kahawia, na ukipitisha kidole kinatoka na unga kama wa chaki. Inayoharibika ni ngozi ya juu tu. Ndani plastiki bado nzima. Kwa hiyo unene wa bomba peke yake si kinga: ngozi ikikauka hupasuka, hasa kwenye matundu ya bolti karibu na kitovu, yaani katikati yanapofungwa mapanga, na mtikisiko unaurefusha ufa.

Dawa ni rangi ya maji ya kuta za nje, nyeupe. Ya mafuta hapana, maana thina hulainisha PVC. Nyeusi huzuia miale vizuri, lakini hukusanya joto; PVC hulegea kabisa ikikaribia nyuzi 80 za Selisiasi, na panga huanza kupinda mapema kuliko hapo.

Maliza kuchonga na kutoboa kwanza. Osha kwa sabuni, piga msasa namba 220 hadi mng'ao uishe, futa kwa spiriti, kisha paka mara mbili, nyembamba, pande zote na ndani ya matundu. Paka asubuhi: usiku wadudu wa ziwani hufuata taa na kuganda kwenye rangi mbichi, na ukingo wenye vipele unapunguza kasi. Rangi ikikauka, pima mapanga kwenye mizani ya jikoni, yasizidiane gramu mbili. Yafunge kwenye kitovu, yazungushe na uyaache yasimame yenyewe. Linaloshuka chini kila mara ndilo zito, lipunguze kwa msasa.

Lita moja inatosha mapanga matatu ya mita moja na kubaki. Fundi anayeruka kupaka rangi ili ashushe bei hamsaidii mteja.

Kagua kila miezi sita, hasa ukingo wa mbele unaoliwa na mvua na mchanga. Panga lenye nyufa halifufuliwi na rangi, badilisha. Kabla ya kupanda, subiri upepo utulie, unganisha pamoja nyaya tatu za jenereta ili mtambo ujifunge breki, na usisimame usawa wa mapanga.

Mafundi wa umeme wa upepo,
Igombe, Mwanza