Kwa Baba Asha, kabla hujapakia mitungi

Ndugu yangu Baba Asha,

Salamu nyingi kutoka Morogoro. Sisi hatujambo, ila Bakari amenikosesha usingizi kwa kunieleza kwamba Ijumaa unapanda Iringa na vyombo vyako vya kuchomelea ndani ya Noah, mitungi yote miwili, wa oksijeni na wa asetilini, imelazwa na jenereta iko juu yake.

Asetilini hailazwi, ndugu yangu. Gesi ile imeyeyushwa katika asetoni, na mtungi ukilala, kimiminika hicho huifikia vali na kutoka pamoja na gesi, ndiyo maana mtungi uliolazwa husimamishwa kwa saa kadhaa kabla ya kutumiwa. Hata hivyo, hilo ni la kazini. Mimi naliogopa la njiani.

Sijawahi kukusimulia kisa hiki kwa aibu. Mwaka juzi nilikuwa nikitoka Kilosa na mama watoto, mtungi uko nyuma yetu na vioo vimepandishwa kwa sababu ya vumbi. Karibu na Dumila nikanusa kitunguu saumu, nikaanza kulilaumu kapu lake, naye akanijibu kwamba kapuni mlikuwa na bamia na nyanya tu. Kumbe ndiyo harufu ya asetilini, na kiberiti kilikuwa tayari mkononi mwangu. Tuliruka nje, tukafungua milango yote, nikakuta vali haijakazwa hadi mwisho. Asetilini huwaka hata ikiwa asilimia 3 tu ya hewa iliyomo garini. Msikitini wanadhani niliacha sigara kwa mawaidha yao.

Basi tafuta pikapu iliyo wazi, uisimamishe mitungi na kuifunga kwa mikanda juu na chini, geji zikiwa zimetolewa na kofia za vali zimerudishwa, kwa maana kona za Kitonga hazimhurumii aliyefunga kwa kamba ya manila. Oksijeni usiiguse kwa mikono yenye grisi. Jenereta imwage petroli ikiwa imepoa, na grenda itoe diski. Lakini asetilini, nakusihi tena, isiingie ndani ya Noah, hata ikiwa imesimama.

Je, pikapu ya shemeji imeshatoka gereji? Nani atakusaidia kushusha? Unapita hapa saa ngapi, ili niikague mizigo kwa macho yangu? Na ile grenda, ambayo wewe na mimi tunajua ni ya nani, itarudi lini?

Ni mimi nduguyo,
Baba Zuhura