Mbwa Mzima Anayekojoa Ndani: Kwa Nini Tunapima Mkojo Kabla ya Kuanza Mafunzo

Lalamiko tunalolipokea mara kwa mara kwenye kliniki yetu ya mifugo hapa Nakuru ni hili: mtu amemleta mbwa wake afunzwe kutokojoa ndani ya nyumba, naye anatozwa shilingi 1,500 za kupima mkojo kabla mkufunzi wetu hajamshika kamba. Mteja mmoja wa Milimani ametuandikia juzi kwamba tumemwibia mchana peupe, na kwamba angejua, angempeleka kwa kijana anayefunza mbwa mtaani kwao kwa nusu ya bei hiyo. Hatukatai kwamba pesa zimekuwa ngumu. Tunachokataa ni hilo neno la wizi.

Mbwa aliyeishi na watu miaka minne au mitano bila kuchafua sebule, kisha akaanza ghafla, kwa kawaida hajasahau adabu. Ama ni mgonjwa, ama kuna jambo limebadilika nyumbani, na kibofu kilichovimba hakifunziki hata mkufunzi awe hodari namna gani.

Swali letu la kwanza mapokezini huwashangaza wengi: je, mbwa wako anapokojoa anajua kwamba anakojoa? Jike anayeinuka kutoka mahali alipolala, akaacha duara la unyevu na kulinusa yeye mwenyewe kana kwamba ni la mbwa mwingine, hakufanya makusudi. Msuli unaofunga njia yake ya mkojo umelegea, hali inayowapata zaidi majike wenye miili mikubwa waliotolewa kizazi, pengine miaka kadhaa baada ya upasuaji, na tiba yake ni dawa. Anayechuchumaa kila mara akatoa matone machache, huenda yenye damu, ana maumivu. Anayemwaga dimbwi la mkojo uliokaribia kuwa maji matupu, huku bakuli lake likijazwa asubuhi na adhuhuri likiwa tupu, hutufanya tufikirie figo au kisukari. Dume anayeinua mguu kwenye pembe ya kochi akatoa kidogo, kisha akaenda kwenye pazia na kurudia, anaweka alama. Huyo ndiye hasa wa mkufunzi, na mara nyingi wa kuhasiwa pia.

Wapo wawili ambao hawapaswi kungoja miadi. Jike mwenye kizazi anayekunywa maji kupita kiasi majuma machache baada ya kuwa kwenye joto huenda kizazi chake kimejaa usaha, na kazi hiyo kwa kawaida huishia kwenye meza ya upasuaji bila kuchelewa. Wa pili ni mbwa mwenye mkojo wa rangi ya kahawa, kwa sababu katika sehemu hizi zenye kupe wengi, rangi hiyo mara nyingi ni dalili ya ugonjwa wa kupe unaovunja chembe nyekundu za damu.

Sasa hizo shilingi 1,500. Kijiti cha kupimia hutuonyesha sukari, damu, protini na kiwango cha asidi. Tone moja huwekwa kwenye kifaa cha kioo kinachoelekezwa kwenye mwanga, nacho hupima uzito wa mkojo ukilinganishwa na maji, ambayo ni 1.000: ukifika 1.030 au zaidi, figo bado zinaukaza mkojo vizuri; ukibaki karibu na 1.010 ilhali mbwa amepungukiwa maji mwilini, tunaagiza kipimo cha damu. Mkojo unaobaki huzungushwa kwenye mashine, na mashapo yake hutazamwa kwa hadubini ili kutafuta bakteria, chembe za usaha na fuwele. Kazi hiyo hufanywa na mtu mwenye glavu, kwa kuwa ugonjwa wa leptospira humfikia binadamu kupitia mkojo wa mbwa, na tungependa wanaowaachia watoto kazi ya kupangusa sakafu walifikirie jambo hilo.

Njia ya mkato inayotuudhi kuliko zote ni ya kumnyima mbwa maji. Familia moja ya Kiamunyi ilishauriwa na jirani iondoe bakuli kuanzia saa kumi jioni ili mbwa wao mzee asikojoe usiku. Kwa usiku wa kwanza na wa pili sakafu ilikuwa kavu kidogo, wakafurahi. Baadaye mbwa alianza kunywa maji ya choo, kisha akaanza kutapika, na alipoletwa kwetu alikuwa amebebwa ndani ya karai, hawezi kusimama. Kijiti kilionyesha sukari nyingi mno. Kinachomkojoza mbwa mwenye kisukari si kunywa sana. Anakunywa kwa sababu sukari inayotoka na mkojo inayavuta maji ya mwilini. Alipona, ila gharama ya kumtundikia maji, ya insulini na ya kulazwa ingelipia vipimo vya mkojo vya mtaa mzima. Badala ya kumnyima, mpimie: mwekee maji kwa chupa ya lita moja, andika kila unachoongeza kwa saa 24, kisha utoe kilichobaki katika hesabu hiyo. Mbwa wa kilo 20 kwa kawaida hunywa takriban lita moja au chini yake kwa siku. Akipita lita mbili, mlete.

Njia ya pili ni sindano ya agroveti. Hatuna ugomvi na wenye agroveti, na wengi wao hutuletea mbwa wao. Lakini dawa ya kuua bakteria iliyonunuliwa kwa ajili ya ng'ombe, ikadungwa kwa kukisia mara moja au mbili, huzima dalili kwa siku chache na kuwaacha bakteria sugu nyuma. Tulimpokea jike kutoka Lanet aliyekuwa amedungwa hivyo kila damu ilipoonekana, na kila mara mwenyewe aliamini kwamba amepona. Picha ya eksirei ilionyesha mawe kwenye kibofu, moja likitoshana na yai la kware. Tuliyatoa kwa upasuaji, na mwenye mbwa aliyataka akayaonyeshe nyumbani, tukampa ndani ya chupa. Bei ya upasuaji huo aliilalamikia pia, ingawa kwa sauti ya chini zaidi.

Mkojo ukitoka safi, mkufunzi huanza siku hiyo hiyo. Wengi wa mbwa hawa walizoea kulala kwenye kibanda uani, kisha familia ikahamia gorofani, au baridi ya Julai ikawafanya wenye nyumba wamwonee huruma na kumwingiza ndani. Mbwa aliyekojoa kwenye nyasi maisha yake yote akikuta zulia la manyoya, huenda asione tofauti. Tunamfunza kama mtoto wa mbwa: anatolewa nje anapoamka, baada ya kula, baada ya kucheza na kabla ya kulala, na kipande cha nyama anapewa palepale anapomaliza, si baada ya kurudi jikoni. Ndani ya nyumba anafungwa kamba karibu na mtu, asipate nafasi ya kujificha. Kumpiga au kumsugua pua kwenye mkojo humfunza kukojoa nyuma ya kochi usikomwona, na mbwa mwoga anayekojoa kwa hofu huzidi. Jiki nayo isimwagwe juu ya mkojo, kwani mchanganyiko huo hutoa mvuke unaochoma macho na kifua, na harufu ambayo mbwa anaifuata huenda ikabaki. Nyonya kwanza kwa kitambaa kikavu, kisha tumia sabuni ya unga yenye vimeng'enya na maji ya vuguvugu, na kwenye sakafu ya simiti rudia, kwa sababu simiti hunywa.

Majibu huandikwa kwenye karatasi na unaondoka nayo, hata ukiamua kumpeleka mbwa kwa mkufunzi mwingine. Chukua mkojo wa kwanza wa asubuhi kwa upawa safi uliosuuzwa vizuri, ukiuacha kwanza utoke kidogo, umimine kwenye chupa safi na uulete ndani ya saa moja. Wanaotoka Njoro au Molo wauweke kwenye friji hadi wakati wa kuondoka. Mbwa asidungwe chochote kabla ya hapo. Jumamosi maabara hufungwa saa saba mchana, kwa hiyo sampuli ya siku hiyo itufikie kabla ya saa sita.