Ng'ombe aliyekutwa na kifua kikuu asirudi mnadani

Ndugu Mhariri,

Hapa Uganda, ugonjwa wa miguu na midomo ukizuka katika wilaya ya Kiruhura au Isingiro, karantini hutangazwa, minada hufungwa, na hata mwenye bucha Kampala hupata habari. Kifua kikuu cha ng'ombe hakina kelele hiyo. Ng'ombe anaweza kukaa nacho miaka huku anakamuliwa na kuzaa, anakohoa tu asubuhi akikimbizwa kwenda majini. Akianza kukonda, mwenyewe humuuza. Kanuni zetu zinavuja hapo, kwenye kuuza, na wanaodai serikali ipime ng'ombe wote wa nchi wanatazama mahali pengine.

Kipimo chenyewe si cha dakika moja. Hunyolewa sehemu mbili shingoni, moja juu ya nyingine, zikiachana kama sentimita 12. Unene wa ngozi hupimwa kwa kalipa, kifaa cha kubana na kupimia unene, na kuandikwa kwa milimita. Juu hudungwa mililita 0.1 ya tuberkulini (dawa ya kipimo itokanayo na vijidudu vya kifua kikuu) ya ndege, chini kiasi hicho hicho cha tuberkulini ya ng'ombe, kila moja kwa bomba lake la sindano. Dawa iingie ndani ya ngozi, si chini yake. Ikiingia sawasawa, kidole huhisi kinundu kama punje ya njegere. Baada ya saa 72 ngozi hupimwa tena, na inafaa kalipa ishikwe na mtu yule yule. Ikiwa uvimbe wa chini unazidi wa juu kwa zaidi ya milimita 4, ng'ombe huyo hesabu yake ni mgonjwa. Mfano: juu ngozi ilikuwa milimita 7 ikawa 9, chini ilikuwa 7 ikawa 15. Juu imeongezeka 2, chini 8, tofauti ni 6. Tofauti ikiwa ipo lakini haizidi milimita 4, kipimo hurudiwa baada ya siku 42, kwa sababu tuberkulini iliyokwisha kudungwa hupunguza mwitikio wa ngozi kwa muda. Mfanyabiashara mjanja analijua hilo: anaweza kumdunga ng'ombe mapema ili kipimo kisimwonyeshe.

Kinachoharibu kipimo mara nyingi ni mambo madogo. Chupa ya dawa hutakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, lakini utaiona juu ya dashibodi ya gari juani. Anayedunga Jumatano atasoma Jumamosi, na Jumamosi wengine hawaji, au ng'ombe wameshapelekwa malisho ya mbali. Basi mtu anasoma kwa macho, anapapasa shingo na kuandika "hakuna". Isitoshe, mbuguma aliyezaa karibuni, ng'ombe aliyeambukizwa majuma machache tu yaliyopita, na yule ambaye ugonjwa umemla mpaka mwili umechoka, wote wanaweza kuonekana wazima. Yule wa mwisho ndiye hatari kuliko wote zizini.

Sasa tuseme kipimo kimefanywa vizuri na ng'ombe 5 kati ya 60 wamepatikana. Wafanywe nini? Mfugaji asiyejua atalipwa kiasi gani, na lini, hatangoja barua ya afisa mifugo. Usiku huo huo dalali anaitwa, na kufikia mwisho wa juma ng'ombe hao wamo katika mazizi matano tofauti. Kupima bila kupanga mwisho wa aliyepatikana ni kuusambaza ugonjwa kwa gharama ya serikali. Wanaonunua kwa fedha za PDM (Parish Development Model, mpango wa serikali wa kukopesha kaya) ndio wa kwanza kuumia: shilingi milioni 1 haitoshi mtamba mzuri wa Friesian, kwa hiyo mtu huchukua mbuguma wa bei nafuu, na mbuguma wa namna hiyo mara nyingi ana sababu ya kuwa wa bei nafuu.

Kwa hiyo kanuni ianze na mambo haya. Aliyepatikana atobolewe alama sikioni siku ile ile ya kusoma, alama isiyofutika, ambayo kila afisa anayetoa kibali cha kusafirisha mifugo anaifahamu. Apewe kibali cha safari moja tu, ya kwenda machinjio yaliyotajwa, ndani ya siku 10. Nyama iliyopita ukaguzi iuzwe, fedha ziende kwa mwenye mali, na serikali ijazie pengo kati ya bei hiyo na bei ya ng'ombe mzima. Fidia ya namna hii ni nafuu kuliko watu wanavyodhani, maana ng'ombe mwenye uvimbe kwenye tezi moja hatupwi mzima. Hutupwa sehemu iliyoathirika. Mzoga wote hutupwa pale ugonjwa ulipoenea mwilini.

Machinjio ndiyo yenye thamani kubwa zaidi kwetu, na ndiyo tumeyadharau. Australia ilianza kampeni yake mwaka 1970 na kutangazwa huru mwaka 1997. Nguzo mojawapo ilikuwa kibandiko cha mkiani kilichoonyesha shamba ng'ombe alikotoka: mkaguzi akikuta uvimbe, walijua waende kupima wapi. Hapa kwetu mkaguzi hufika alfajiri, taa ni hafifu, na mapafu, matumbo na vichwa vimekwisha changanyika na vimepata wateja. Hereni ya sikio huondoka na kichwa. Mkaguzi akikuta tezi yenye kitu cha manjano kama jibini, chenye kukwaruza kisu kwa sababu ya chokaa, hana njia ya kujua ni ya mzoga upi, sembuse ya shamba lipi. Kanuni iseme kichwa na viungo vya kifua vibaki na namba ya mzoga hadi muhuri upigwe, na tezi za nyuma ya koo, za katikati ya mapafu na za utumbo zikatwe vipande vyembamba, si kupapaswa. Kisha taarifa irudi kwa afisa mifugo wa wilaya alikotoka ng'ombe. Akapime kundi hilo. Kupima kwa namna hiyo kuna maana.

Mazizi yanayopakana na Hifadhi ya Queen Elizabeth, huko Kasese na Rubirizi, yawekewe utaratibu wake. Nyati wa pale wana vijidudu hivi. Jambo hilo limejulikana kwa miongo mingi. Huwezi kulitangaza zizi la pale kuwa safi ukamaliza. Lipimwe kila mwaka, na mitamba wake wasiuzwe kwa ufugaji bila kipimo kipya. Uingereza hupima kwa lazima, hulipa fidia, na bado inahangaika kwa sababu ya wanyama wa porini.

Kuhusu maziwa nitasema machache. Nyuzi 72 kwa sekunde 15 kiwandani, au kuchemka kabisa jikoni, vinatosha. Bongo, yaani maziwa ya mgando, iliyogandishwa kutokana na maziwa mabichi si salama kwa sababu tu imechachuka.

Wizara ya Afya nayo ina sehemu yake. Vijidudu vya ng'ombe kwa asili havisikii pirazinamaidi, mojawapo ya dawa nne ambazo mgonjwa wa kifua kikuu huanza nazo, na mashine ya GeneXpert ya kupimia kifua kikuu iliyopo hospitalini haitenganishi vijidudu vya ng'ombe na vya binadamu. Mchungaji kutoka Karamoja au Nakasongola mwenye matezi shingoni, anayekunywa maziwa mabichi, sampuli yake ipelekwe ikaoteshwe maabara, na afisa mifugo wa wilaya yake apigiwe simu siku hiyo hiyo.

Daktari wa mifugo,
Mbarara