Unabii usiokubali kupimwa

Ndugu Mhariri,

Msomaji wenu mmoja alipendekeza hivi karibuni kwamba vyumba vyote vya maombi, yaani nyumba ambamo watu huombewa na kutabiriwa, mjini Goma vifungwe, kwa kuwa vimejaa manabii wa uongo. Uchungu wake naujua, maana umeingia hata katika ukoo wetu, lakini dawa yake siikubali. Mtume Paulo aliwakataza Wathesalonike kumzimisha Roho na kutweza unabii, na papo hapo akawaagiza wajaribu mambo yote na kulishika lililo jema. Sisi tumeligawana agizo hilo vipande viwili: wengine wameshika kutotweza, wengine wameshika kujaribu, na kila upande unauona mwenzake umepotea.

Mume wa mdogo wangu alikuwa ameenda kuchimba madini Walikale, akakaa miezi mingi bila kupiga simu. Mdogo wangu akaniomba nimsindikize kwa mtumishi mmoja wa Mungu, mtoa unabii, ambaye sitamtaja. Nyumba ilikuwa ya mbao, imejengwa juu ya mawe ya volkano, na mlangoni aliketi mama mwenye daftari la shule ambamo kila aliyefika aliandikwa jina lake, mtaa wake na shida iliyomleta. Daftari lilipelekwa ndani kabla yetu. Tulipoitwa, mtumishi alifumba macho akasema anamwona mwanamume aliye mbali, porini, kando ya shimo. Mdogo wangu alilia kwa mshangao. Mimi nililiona daftari limewekwa chini ya Biblia, ukingo wake wa buluu ukichungulia.

Kisha nikaombwa nitoke nje. Yaliyosemwa baada ya hapo niliyajua baadaye sana: mume angerudi kabla ya mwezi kwisha, mradi mdogo wangu apande mbegu, yaani atoe sadaka, ya dola 100 na kumwondoa nyumbani mama mkwe wake, ambaye ndiye, eti, aliyeifunga njia ya mwanawe. Tena asimwambie mtu. Aliuza cherehani yake. Bibi wa watu akafungiwa virago vyake, akahamia kwa binamu yake, mtaa wa Ndosho, bila kuelezwa kosa lake. Mwezi ukaisha, na wa pili ukaisha, na mdogo wangu alipokwenda kuuliza akajibiwa kwamba imani yake ilikuwa ndogo.

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike. Kumbukumbu la Torati, sura ya 18, haimbebeshi msikilizaji mzigo wa neno lisilotimia. Inambebesha nabii aliyelinena kwa kujikinai, na aliyesikia anaambiwa neno moja tu: usimwogope. Sura ya 13 inakwenda mbali zaidi, kwani inaonya kwamba hata ishara ikitokea kama ilivyotabiriwa, nabii anayewavuta watu wamwache Mungu wao asisikilizwe. Kutimia peke yake, basi, hakutoshi.

Sisi watu wa Goma tuna shule yetu wenyewe katika jambo hili. Volkano yetu ya Nyiragongo ilipolipuka jioni ya Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, na lava ikaja kusimama Buhene, ukingoni mwa mji, hazikupita siku nyingi tukaanza kuwasikia waliodai kwamba walikuwa wameonyeshwa. Sikumpata hata mmoja aliyekuwa amelisema Ijumaa, mbele ya mashahidi. Tarehe 27 wakuu wa mkoa waliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihame kwa hofu ya mlipuko mwingine, watu wakakimbilia Sake, Rutshuru na Gisenyi, na mlipuko huo haukuja. Je, wakuu hao nao walikuwa manabii wa uongo? La, kwa sababu walieleza kilichowatia hofu, yaani matetemeko na nyufa ambazo kila mmoja wetu aliziona barabarani, na hawakutanguliza "Bwana asema". Anayekosea katika makadirio amekosea makadirio. Anayekosea akisema kwa jina la Bwana ametumia jina lisilo lake.

Nawaomba wachungaji watusomee tena habari za Agabo, katika Matendo ya Mitume, sura ya 11. Alitabiri njaa kuu, ikaja wakati wa Kaisari Klaudio, na matunda ya unabii wake yalikuwa mchango uliopelekwa kwa ndugu wa Uyahudi. Fedha ilikwenda kwa wenye njaa. Wakristo wa zamani sana walilielewa hilo: katika Mafundisho ya Mitume Kumi na Wawili (Didake), andiko lao la kale lisilo ndani ya Biblia, imeandikwa kwamba anayesema katika Roho "nipe fedha" asisikilizwe, lakini akiomba kwa ajili ya wahitaji wengine, mtu asimhukumu. Na Paulo aliwataka Wakorintho waache manabii wawili au watatu wanene, na wengine wapambanue. Wengine hao watapambanuaje, ikiwa ndugu wa damu anatolewa nje na mwenye shida anafungwa mdomo?

Kwa hiyo sitaki milango ifungwe. Nataka ifunguliwe: unabii unaomhusu mtu usemwe mbele ya wazee wa kanisa lake, uandikwe pamoja na tarehe, na pasitolewe hata faranga kwa ajili yake. Na anayemtaja mtu kuwa mchawi anyamazishwe palepale. Katiba yetu ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, imekwisha kukataza watoto kutuhumiwa uchawi. Kanisa lisingoje kifungu kingine kwa ajili ya vikongwe.

Shemeji yangu alirudi mwezi wa nane, baada ya shimo lao kujaa maji, akauliza mama yake yuko wapi. Wiki hiyo hiyo mtumishi alituma ujumbe kwenye simu ya mdogo wangu, akimkumbusha sadaka ya shukrani.

Mzee wa kanisa,
Majengo, Goma