Barua ya wazi kwa Waziri wa Ujenzi: T ya mwisho kwenye mchoro

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Mimi ni fundi sanifu wa majengo, nafanya kazi Mwanza. Nina ombi moja, ila kwanza nikusimulie habari ya kibaraza.

Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia nyumba ya ghorofa moja. Kwenye mchoro wa nondo, kibaraza cha juu, kile kinachotokeza nje bila nguzo, kiliandikiwa hivi: 8T12-01-150 T1. Nane ni idadi, T ni aina ya chuma, 12 ni unene kwa milimita, 01 ni namba ya nondo kwenye orodha, 150 ni nafasi kati ya nondo na nondo. T ya mwisho, kifupi cha neno la Kiingereza "top", ndiyo inayosema nondo zikae juu, na 1 ni namba ya tabaka. Fundi nondo wetu, mtu wa miaka zaidi ya ishirini kazini, alizijua zote isipokuwa hiyo T ya mwisho. Aliona T mbili, akadhani ni ileile imerudiwa. Akasuka, akazilaza chini kama za slabu ya kawaida. Mimi siku hiyo nilikuwa nafuatilia kokoto. Narudi jioni, zege limeshamwagwa.

Kibaraza cha namna ile huvutika upande wa juu, pale kinapoungana na nyumba. Zege linastahimili kubanwa, kuvutwa haliwezi; kazi hiyo ni ya nondo, na nondo ikikaa chini haina msaada. Tulipotoa mirunda iliyokishikilia ukatokea ufa juu, umenyooka kama umepigwa kwa kamba, kisu cha mezani kinaingia. Tulikivunja chote kwa nyundo. Ujira wa fundi nondo ukakatwa. Wangu haukukatwa.

Lingeandikwa "juu", herufi tatu tu, yule mzee asingekosea.

Wapo wanaodhani Kiswahili hakina maneno ya kazi hii. Waje saiti. Zege la sakafu linalotandazwa juu ya kifusi na mawe tunaliita jamvi, na aliyelipa jina hilo alikuwa na macho. Kamba yenye uzito ya kupimia wima wa ukuta ni timazi. Vipande vya zege vinavyoinua nondo zisigusane na mbao, ili zege lizizunguke na kutu isizifikie, ni biskuti. Mchoro huieleza nafasi hiyo kati ya nondo na mbao kwa neno la Kiingereza "cover", lenye maana ya kufunika. Niliwahi kumkuta kijana amefunika zege lote kwa nailoni, anatekeleza mchoro. (Zege likabaki na unyevu likakomaa vizuri, kwa hiyo sikumgombeza sana.) Na boriti ilikuwa mti wa mkoko kabla haijawa ya zege: vyumba vya Mji Mkongwe, Zanzibar, ni vyembamba kwa kuwa urefu wa mti huo ndio uliopanga upana wa chumba.

Kasoro ipo, nami siifichi. Lenta ya fundi mmoja ni mkanda wa mwingine. Mmoja anamaanisha boriti fupi juu ya dirisha, mwenzake anamaanisha ile inayozunguka kuta zote za nyumba. Tofauti hiyo ni nondo nyingi, na nondo ni fedha. Hapo ndipo tunapohitaji mkono wa serikali.

Ombi langu, Mheshimiwa: mchoro wowote wa nondo unaopelekwa kuombewa kibali cha ujenzi uwe na jedwali la Kiswahili pembeni, linalofafanua kila kifupisho kilichotumika. Nusu ukurasa unatosha. Maneno yakusanywe na BAKITA, VETA na bodi za wataalamu, lakini wayachukue saiti, kwa wasukaji nondo na wapauaji, wasiyatunge mezani. Meza ndiyo iliyotupa "majenzi", ambalo liko kwenye jina la bodi yetu moja na sijawahi kulisikia kwa mtu aliyeshika mwiko.

Jengo la ghorofa 16 lilipoanguka Dar es Salaam Machi 29, 2013 na kuua watu 36, hakuna aliyesema liliangushwa na msamiati, nami sisemi. Nasema tu kwamba mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Mtu akishtakiwa kwa kibaraza kilichoanguka ataelezwa kosa lake kwa Kiswahili. Maelekezo ya kukijenga alipewa kwa herufi T.

Ukiniita Dodoma nitakuja, kwa nauli yangu. Ila nitakuja na yule fundi nondo, maana maneno mengi anayo yeye.

Wako mtiifu,
Fundi sanifu, Mwanza