Tyuna Uliyotoka Nayo Moshi Ni Nzima: Barua kwa Mwanangu Aliyeko Leeds

Moshi, Oktoba 2025

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako niliiitikia kwenye simu, naiitikia tena hapa: marahaba. Huku wote hatujambo. Picha tatu ulizotuma nimezitazama moja moja, na neno la kwanza ni hili: usinunue kitu. Tyuna ya USB uliyoondoka nayo, kile kidude cha kunasia mawimbi ya televisheni, ni nzima na laptopu ni nzima. Tatizo liko kwenye vitu vinavyoizunguka: antena, orodha ya masafa, saa na diski. Tuvipange hivyo, kisha uende kazini zamu ya usiku ukijua vipindi vyako vinakusubiri asubuhi.

Ungekuwa umehamia Marekani ningekuambia uifunge tyuna kabatini, maana kule wanatumia mfumo wa ATSC wenye chaneli za upana wa megahezi 6, na hiyo yako isingeshika hata stesheni moja. Uingereza mfumo wa televisheni ya dijitali ni DVB kama kwetu, na upana wa chaneli ni megahezi 8 kama kwetu. Hata plagi ya ukutani ni ile ile ya pini tatu za bapa. Tofauti ni kwamba sisi tunatumia DVB-T2, toleo jipya la DVB, wakati wao walianza mapema na wanaendesha mifumo miwili pamoja: stesheni za picha ya kawaida ziko kwenye DVB-T ya zamani, na zile za HD ziko kwenye DVB-T2. Tyuna yako inasoma yote miwili. Stesheni za Freeview, televisheni yao ya bure ya antena, hazijafungwa kwa kadi, kwa hiyo huhitaji king'amuzi cha kampuni yoyote.

Sasa picha ya kwanza, ile inayoonyesha skani imekwisha na stesheni ni sifuri. Tvheadend, ile programu ya kurekodi iliyo kwenye laptopu yako, bado inatafuta masafa ya Moshi, tena kwa DVB-T2 peke yake. Usihangaike kurekebisha kimoja kimoja. Fungua kivinjari, nenda localhost:9981, ingia kwenye mipangilio ya mitandao, futa mtandao wa zamani wote, kisha tengeneza mpya wa aina ya DVB-T. Itakuuliza uchague orodha ya masafa iliyoandaliwa. Utaona orodha za minara ya Uingereza kwa majina na utashawishika kuchagua wa kwenu. Hizo nyingine ni za zamani, na mwaka 2020 Uingereza ilimaliza kuhamisha televisheni kutoka masafa ya juu ili kuyaachia simu. Orodha iliyoandikwa kabla ya hapo inaweza kukupeleka kwenye masafa ambayo hayana kitu. Chagua ile ya jumla inayopitia masafa yote. Televisheni sasa inakaa chaneli ya 21 hadi ya 48, yaani megahezi 474 hadi 690 kwa kuruka nane nane, basi. Acha ikimbie, pika ugali, rudi.

Skani ya orodha ya jumla ikikosa DVB-T2, utaona stesheni za kawaida zimejaa lakini HD hakuna hata moja. Hapo ongeza masafa hayo kwa mkono, na kwenye sehemu ya mfumo chagua DVBT2. Masafa sahihi ya eneo la msimbo wako wa posta utayapata kwenye tovuti ya Freeview, sehemu ya kuangalia mawimbi ya eneo lako.

Ukitumia mnara mkubwa tegemea multipleksi sita, yaani mabunda sita ya stesheni, kila bunda kwenye masafa yake, na moja kati ya hayo ndilo la DVB-T2. Ukipata matatu tu, usidhani kuna kitu kimeharibika; huenda antena yako inaangalia mnara mdogo wa kurudisha mawimbi, na mingi ya hiyo hubeba matatu peke yake.

Hapo ndipo tunafika kwenye antena, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanapopoteza pesa. Mnara mkubwa wa Leeds ni Emley Moor, mnara wa zege wenye zaidi ya mita 300, takriban kilomita 22 kusini mwa mji na kidogo magharibi. Kabla ya kugusa chochote, toka nje utazame mapaa ya majirani. Antena zikielekea kusini na vijiti vyake vimelala, hao wanaangalia mnara mkubwa. Vijiti vikisimama wima, hao kwa kawaida wanatumia mnara mdogo. Iga ya majirani, kwa mwelekeo na kwa mlalo pia, kwa sababu antena iliyosimamishwa kwa mawimbi yaliyolala hupoteza nguvu nyingi sana. Kwetu fundi huzungusha nguzo huku mwenzake dirishani akipiga kelele "hapo hapo!", wewe utafanya hivyo hivyo kwa kutazama namba kwenye skrini, na usitazame picha, maana picha ya dijitali haichuji polepole. Inakuwa nzuri, nzuri, nzuri, halafu inakatika ghafla. Ukurasa wa hali ya mawimbi utakuonyesha bloku zisizorekebishika na makosa ya mwendelezo. Namba hizo zinatakiwa zikae sifuri, au zisimame zilipo bila kupanda, kwa dakika kumi nzima.

Nyumba uliyopanga ina soketi ya antena ukutani, nimeiona nyuma ya kitanda kwenye picha ya pili. Anza na hiyo kabla ya antena ya ndani. Nyumba nyingi za huko zimejazwa vizuizi vya baridi vyenye karatasi ya alumini, na alumini huzuia mawimbi kama bati. Waya uwe wa ohmu 75, mfupi kadiri unavyotosha. Lile tundu dogo la tyuna yako ni dhaifu: uzito wa waya mnene ukilivuta kila siku, linalegea na makosa yanaanza bila sababu inayoonekana. Tumia kile kipande kifupi cha kuunganishia, na tyuna yenyewe iwe kwenye waya wa kurefusha USB wa nusu mita, ilale mezani. Isining'inie pembeni ya laptopu. Hivyo pia inapoa vizuri na inakaa mbali na kelele za umeme za laptopu.

Busta uliyobeba, iache kwenye begi. Hilo nakuomba sana. Ilitengenezwa kukuza hadi megahezi 862, na huko sehemu kubwa ya masafa ya juu ya 694 sasa ni ya simu. Utakuwa unakuza minara ya simu ya mtaa mzima kisha unaimwagia tyuna yako, nayo italemewa na kupoteza hata stesheni ambazo bila busta zilikuwa safi. Dalili yake inachanganya: kipimo cha nguvu kinaonyesha juu kabisa lakini makosa yanamwagika. Ukiona hivyo hata bila busta, mawimbi yamezidi. Weka kipunguza mawimbi cha desibeli 6 au 12 kati ya ukuta na tyuna. Ni kidude cha bei ndogo.

Ukishapata stesheni, huenda ukakuta ratiba ya vipindi iko tupu kwenye stesheni za HD na za kawaida zinayo. Uingereza wanabana maandishi ya ratiba kwenye ile multipleksi ya HD kwa namna yao, na programu isiyojua kuyafungua huona takataka au haioni kitu. Nenda kwenye moduli za ratiba, washa inayoitwa "UK: Freeview", zima nyingine zote, kisha subiri. Ratiba hukusanywa taratibu, tyuna ikiwa haina kazi nyingine. Ukiona saa moja imepita bado nusu yake iko tupu, hiyo ni kawaida. Angalia tena kesho yake.

Saa, mwanangu. Laptopu yako bado iko kwenye saa ya Dar es Salaam. Ratiba ya DVB husafiri kwa saa ya dunia, UTC, kwa hiyo kurekodi kwa kubonyeza kipindi kwenye ratiba kutafanya kazi sawasawa hata laptopu ikiwa na ukanda usio wake, ila saa unazoziona zitakuwa mbele. Balaa ni pale unapoandika muda kwa mkono kutoka gazetini au kwenye tangazo. Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike hivi: timedatectl set-timezone Europe/London. Usiweke UTC ukafikiri ni sawa kwa kuwa majira ya baridi zinalingana; Jumapili ya mwisho ya Machi wanasogeza saa mbele na utapitwa na kila kitu kwa saa nzima. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanairudisha. Kuanzia hapo tofauti yetu itatoka saa mbili hadi tatu: taarifa ya habari ya saa mbili usiku hapa, kwako itakuwa saa kumi na moja jioni.

Na lipo kosa moja la sisi Waswahili tu. Kipindi cha saa mbili na nusu usiku, mkono wako utataka kuandika 2:30. Kinasa kitaelewa saa nane na nusu usiku na kitakurekodia kipindi usichokitaka. Andika 20:30. Ndiyo maana nakushauri uache kabisa kuandika kwa mkono na ubonyeze kutoka kwenye ratiba. Kwa tamthilia bonyeza kurekodi mfululizo wote, itafuata hata ikihamishwa saa.

Ongeza dakika 2 kabla na 10 baada. Mpira wenye uwezekano wa dakika za nyongeza na penalti, ongeza 60. Kumbuka tyuna moja inaweza kurekodi stesheni zote za multipleksi moja kwa wakati mmoja, lakini haiwezi kukaa kwenye masafa mawili. Yako ina tyuna mbili ndani, basi ni multipleksi mbili kwa pamoja. Zile dakika za nyongeza zikigongana, ya tatu ndiyo inayokosekana.

Picha ya tatu, mechi uliyorekodi kabla ya kuhama, iliyokatika kipindi cha pili: angalia ukubwa wa faili, ni gigabaiti 4. Diski yako ya nje iko kwenye FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, na FAT32 haikubali faili kubwa zaidi ya hapo. Hesabu yenyewe ni rahisi: kila megabiti moja kwa sekunde ni megabaiti 450 kwa saa. Stesheni ya HD inayotumia megabiti 6 inakula gigabaiti 2.7 kwa saa, kwa hiyo baada ya saa moja na nusu hivi umefika ukutani. Nakili vilivyomo kwanza, kisha ifomati kwa ext4, mpangilio wa Linux usio na kikomo hicho. Tazama jina lake kwa amri ya lsblk, inayoorodhesha diski, mara mbili kabla ya kufomati, usije ukafuta diski ya laptopu. Iunganishe kudumu kwenye folda ya /srv/tv kupitia faili la mipangilio ya diski liitwalo fstab, uongeze neno nofail ili laptopu iwake hata diski ikiwa haipo. Halafu mpe umiliki mtumiaji wa Tvheadend: sudo chown hts:video /srv/tv. Hatua hiyo ya mwisho husahaulika sana. Diski inayojifungua yenyewe chini ya /media ni yako wewe, na kinasa si wewe. Kitashindwa kuandika na asubuhi utakuta faili halipo.

Laptopu isilale. Kwenye /etc/systemd/logind.conf weka HandleLidSwitch=ignore, uzime pia kulala kwenye mipangilio ya umeme, kisha uiwashe upya. Kifuniko ukikifunga, iache juu ya meza, si juu ya godoro.

Ukisikia wakati wa kutazama mtu anaeleza "anafungua mlango, anaketi," si hitilafu. Ni sauti ya msimulizi kwa ajili ya wasioona, na kichezeshi kimechagua njia hiyo. Badilisha njia ya sauti kwenye VLC. Picha za kawaida zikionyesha mistari kama meno ya kitana kwenye kitu kinachokimbia, washa deinterlace, chaguo la VLC la kuondoa mistari hiyo.

Jambo la leseni usilichukulie wepesi. Huko kutazama au kurekodi televisheni inaporushwa kunahitaji leseni, hata kwenye kompyuta, hata kama humiliki televisheni. Kuanzia Aprili 2025 ilikuwa pauni 174.50 kwa mwaka, na faini inaweza kufika pauni 1,000. Tazama mkataba wako wa kupanga: kama mmesaini pamoja nyumba nzima, kwa kawaida leseni moja inawatosha, mchangie, kama kila mmoja ana mkataba wa chumba chake, huenda ukahitaji ya kwako. Sheria yao inakuruhusu kurekodi nyumbani ili utazame baadaye wewe na walio nyumbani. Haikuruhusu kugawa. Kwa hiyo ile mechi usiitume kwenye grupu la ukoo, hata mjomba akiomba vipi.

Fanya antena kwanza, kisha saa, kisha diski. Ukishaskani upya nitumie picha ya ukurasa wa hali ya mawimbi, ule wenye namba za makosa, tyuna zote mbili zikiwa zinafanya kazi. Piga simu baada ya kulala, si kabla.

Mama yako