Barua kwa mwanangu anayesomea uchumi

Mwanangu,

Ile voice note yako nimeiskiza tena leo nikiwa kwa matatu, ile unasema ati hizi nadharia za ufeministi wamewawekea kwa kozi ni vitu vya wazungu na mtu wa uchumi hana haja nazo. Sijakasirika. Lakini hii ni kitu naiamini kwa moyo wangu wote na haiwezi kuisha kwa simu, kwa hivyo nimekaa chini nikuandikie na tafadhali usome yote.

Sitaanza na Mekatilili vile aliongoza Wagiriama kupinga Waingereza 1913 ama Muthoni Nyanjiru vile alisimama mbele ya bunduki hapa Nairobi 1922 watu wakitaka Harry Thuku, yule mpinga ukoloni, aachiliwe, hao ulisoma shule na unawajua. Wacha tuongee uchumi, si ndio yako.

Umeniambia pato la taifa ni jumla ya kila kitu kinachozalishwa. Sawa. Ukienda hoteli ukale chapati ndengu, hiyo kazi ya kupika inahesabiwa. Shosho yako akipika ndengu hiyo hiyo jikoni kwake, aogeshe watoto wa watu wawili watatu walioachwa hapo, akeshe na babu yako akiwa mgonjwa vile alikesha, hakuna mahali hiyo inaandikwa, kwa macho ya hesabu zenu huyo mama ameshinda amekaa. Nani aliamua hivyo? Hilo swali ndilo wanawake walianza kuuliza. 1972 huko Italia wakaanzisha kampeni ya kudai mshahara wa kazi za nyumbani, wakasema mwajiri anapata mfanyakazi ameshakula, amevaa nguo safi, amelala, na yule aliyemtayarisha halipwi hata shilingi. Halafu kuna Marilyn Waring, huyo alikuwa mbunge New Zealand, 1988 akatoa kitabu kizima kuonyesha vile hesabu za taifa zinamruka mwanamke. Huyo mtafute. Ni mtu wa uchumi wako kabisa.

Na sasa hapa ndipo nataka uskize vizuri juu ya haya mambo ya wazungu. Julai 1985 dunia yote ilikuja hapa Nairobi, mkutano wa tatu wa UN wa wanawake, serikali zikiwa kwa lile jengo la mikutano la KICC na wanawake wa mashirika wakijaa hapo University of Nairobi maelfu kwa maelfu. Ile hati iliyopitishwa, aya ya 120, inasema kazi ya wanawake, hasa ile hailipwi, itambuliwe na ipimwe iingie kwa hesabu za uchumi za nchi. Hiyo ilipitishwa hapa kwetu! Mimi kila nikipita pale KICC huwa nafikiria hiyo aya. Na kupima kwenyewe kukachelewa sana, ilifika 2021 ndio KNBS, shirika la takwimu la serikali, ikafanya uchunguzi wa kwanza wa vile Wakenya wanatumia muda wao, na ikatoka wazi kuwa kazi ya nyumbani isiyo na malipo imelalia wanawake mara kadhaa kuliko wanaume.

Unaweza kuuliza, sasa ikipimwa inasaidia nini. Inaamua nani analala nje, mwanangu. Unajua hii Kenya mpaka 2013 watu wakiachana mali yao ilikuwa inagawanywa kwa sheria ya Uingereza ya 1882? Hiyo ndiyo ilikuwa ya wazungu, na hakuna mwanaume nilisikia akilalamika. 2007 Mahakama ya Rufaa ikasema mke kupika na kulea watoto si mchango wa kununua mali. Yaani miaka yote hiyo, sufuri. Halafu ikaja sheria ya mali ya ndoa ya 2013, na ukiifungua, pale inaeleza mchango ni nini, imeandika kazi za nyumbani, kulea watoto, kusimamia biashara ya familia, kulima shamba. Hayo maneno hayakuota yenyewe kwa karatasi ya bunge. Kuna watu walikuwa wamekaa miongo wakibishana kwa vitabu na kwa mikutano kuwa hiyo ni kazi, mpaka wakili akapata kitu cha kusimamia mbele ya jaji. Hiyo ndio faida ya nadharia.

Na usifikirie naitetea kama kitu kimekamilika. Kuna mama fua, wale unawaona wamekaa kwa geti za esteti asubuhi wakingoja kuitwa. Mimi nikienda kazini na nguo zenu zinafuliwa, ni yeye amenipa nafasi ya kwenda, na watoto wake nani anawaangalia? Ukiongea haki ya wanawake na umsahau huyo, unaongea haki ya wanawake wa ofisi tu. Kimberlé Crenshaw, profesa wa sheria Mmarekani mweusi, aliandika hayo 1989 akitumia kesi ya kiwanda cha magari, ambapo waliajiri wanaume weusi kwa mashine na wanawake weupe kwa ofisi, mwanamke mweusi akibaki nje na korti ikisema hakuna ubaguzi juu weusi wako ndani na wanawake wako ndani. Isome hiyo polepole, alafu uangalie huyo mama wa geti.

Lakini kile kinaninyima usingizi ni hiki. Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema kazi ya nyumba ni mchango, vizuri, lakini nusu kwa nusu haiji yenyewe, kila mtu athibitishe alichotoa. Sasa fikiria anti yako. Mumewe alikuwa analipa loni ya ploti, yeye analipa unga, gesi, fees, mshahara wa dada wa kazi, dawa. Walipoachana bwana akaja na statement za sacco zimepangwa kwa faili. Yeye alete nini? Unga uliliwa. Watoto walikua. Pesa ya mwanaume iligeuka mawe na mabati, ya mwanamke ikageuka watu, na watu hawana risiti.

Wewe umesoma kupima vitu. Ile data ya KNBS ya masaa ipo, mishahara ya dada wa kazi na wapishi hapa Nairobi inajulikana. Miaka kumi na tano ya anti yako unaipimaje ndio jaji aikubali? Nataka ufikirie hiyo kama mchumi, na uwaulize hao wanaowafundisha hiyo kozi, alafu ukija wikendi uniletee vile wamesema. Na huyo msichana mnapanga kuhamia naye Roysambu, mwambie mimi namsalimia, na mkinunua ploti majina yawe mawili kwa hati.

Mamako